Mkate wa Kima Baina ya Magharibi na Ishaa

Wasomaji wetu, na hasa mama zetu na dada zetu mnaolipokea jarida hili na kulisoma kabla baba wa nyumba hajalitia mkononi, wiki hii hatukuleteeni fatwa wala tafsiri. Tumekuleteeni mkate wa kima.

Mtatucheka, na haki mnayo. Lakini kwanza yatupasa tueleze tuko wapi, kwa kuwa kila tukiandika neno Lindi chini ya jina letu hutufikia salamu za wasomaji wanaodhani tumehamia kusini mwa Tanzania. Lindi yetu ni kijiji kimojawapo katika vile vinavyoifanya Kibera ya Nairobi, chini ya Makina, upande wa bondeni. Tulizaliwa Mombasa, tukasoma Lamu, na riziki ikatuleta huku miaka ishirini na miwili iliyopita. Baada ya Alasiri twasomesha watoto chuoni hapa Lindi. Na jioni za Jumanne na Alhamisi tulikuwa na ada ya kupanda hadi barabara ya Ngong, kushika matatu kupitia Dagoretti Corner, na kwenda Kawangware kuwasomesha watu wazima baina ya Magharibi na Ishaa. Nyumbani tulikuwa tukifika tumechoka, twakuta chakula kimefunikwa kwa kawa, twanawa, twala, twashukuru. Hatukuwahi kujiuliza kile chakula kimefikaje chini ya lile kawa.

Mwaka jana, katika muhula wa pili wa shule, mama mkwe wetu alipooza upande mmoja huko Kisauni, na mwenzetu wa nyumbani akapanda basi usiku uleule kwenda kumuuguza. Tulidhani ni wiki moja, zikawa tisa. Nyumba ikabaki na sisi, na binti yetu mkubwa aliyekuwa Kidato cha Nne, na wavulana wawili wa shule ya msingi, na kitinda mimba wa miaka mitano. Hakuna aliyekaa akagawa kazi. Kazi ziligawika zenyewe, kama maji yanavyotafuta bondeni, na zote zikatuama kwa yule binti.

Wiki ya tatu mwalimu wake wa darasa akatupigia simu. Alisema kwa adabu, "Mzazi, binti yako analala darasani." Tulimjibu kwa haraka kwamba mtoto wetu ana bidii, huenda anasoma mno usiku. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huko nyumbani ni nani anayepika?"

Hatukuwa na jibu ila lile la kweli. Simu ilipokatika tulikaa juu ya jamvi la chuo tukaihesabu siku ya mtoto wetu kama tunavyohesabu mirathi, fungu kwa fungu. Kuamka kabla ya Alfajiri na kuchemsha maji ya wadogo zake. Kupika uji, kuwavika, kuwafungia mikoba. Shule. Kurudi saa kumi na moja, kupanga foleni ya maji na dumu la lita 20. Kukatakata sukuma wiki na kusonga ugali wa watu watano. Kuosha vyombo, kumlaza mdogo, kufua sare. Na vitabu vyake mwenyewe kuvifungua saa nne na nusu za usiku. Katika mirathi ile sisi tulikuwa na fungu moja tu, nalo lilikuwa kula.

Na kilichotuchoma zaidi ni kwamba Ijumaa iliyotangulia tulikuwa tumewasomesha kina mama wa mtaa juu ya mwenendo wa Mtume, rehema na amani zimshukie, ndani ya nyumba yake. Tuliwaeleza yale aliyoyapokea Bukhari: kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, naye akaeleza kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na Sala ikifika hutoka akaenda kusali. Tuliisomesha vizuri, na kina mama waliitikia. Binti yetu alikuwa amekaa nyuma ya pazia, mdogo wake amelala mapajani pake. Hakusema neno siku ile, wala hakusema siku ya simu ya mwalimu. Laiti angalisema.

Basi tukaazimia kuwa chakula cha usiku cha siku za shule kitakuwa juu yetu. Na azimio hilo, kwa mtu wa miaka hamsini na mitatu ambaye elimu yake yote ya jikoni ilikuwa kuchemsha chai, ni jepesi kulitamka. La kwanza ilibidi tuwaendee watu wetu wa Kawangware tuwaombe darsa ihamie asubuhi za Jumamosi na Jumapili, baada ya Alfajiri, mpaka mama watoto arudi. Tulisema tuna udhuru wa nyumbani. Mzee mmoja, mtu wa mzaha na wa umri wetu, hakuridhika mpaka akaujua udhuru wenyewe. Alipoujua aliwageukia wenzake akasema, "Jamani, Maalim ameolewa." Wakacheka wote, nasi tukacheka pamoja nao, na njia nzima ya kurudi masikio yakituwaka moto. Darsa ikahamishwa. Wawili hawakuweza kuamka saa ile wakaacha kuja, na mmoja wao hajarudi hadi leo. Hilo bado latuuma.

Kwa nini mkate wa kima? Kwa sababu ya saa. Hapa Nairobi, tangu adhana ya Magharibi mpaka ya Ishaa pana muda wa saa moja na dakika chache. Ondoa Sala yenyewe, ondoa njia ya kutoka msikitini, ondoa muda wa kumtafuta mvulana aliyetumwa kitunguu akapotelea kwenye mpira; zabaki dakika arubaini. Katika dakika arubaini maharage hayaivi, nyama ya mfupa hailainiki, na wali wa nazi wataka mtu anayejua anachofanya. Kima imekwisha kukatwakatwa kabla haijafika jikoni, kwa hivyo moto una kazi ndogo. Na mkate umekwisha kuokwa na mtu mwingine, Mungu amlipe. Tena ni chakula kinacholiwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukashika kitabu. Adabu ya meza yakataza, twajua. Mwaka wa mtihani tuliruhusu.

Usiku wa kwanza ulikuwa aibu. Tulitia kila kitu sufuriani kwa pamoja: nyama, nyanya, kitunguu, mafuta, na kikombe cha maji kwa kuogopa kuunguza. Tukafunika. Tulipofunua tulikuta madonge ya kijivu yakielea. Tukayachota hivyo hivyo tukayatia baina ya vipande vya mkate, na mkate ukalowa, ukameguka, ukaanguka mapajani mwa wenyewe. Kitinda mimba akauliza, "Baba, hii ni supu?" Binti yetu akainuka bila kusema, akaleta bakuli na vijiko, na tukala kama supu.

Jirani yetu wa ukuta ni mama mmoja wa Kinubi, mtu mzima sana, ambaye mtaa mzima unamwita Habuba kama wanavyomwita wajukuu zake. Wanubi ndio waliotangulia kukaa hapa, tangu mwanzo wa karne ya 20. Babu zao walikuwa askari wa kutoka Sudan katika jeshi la Mwingereza, na Kibera ni neno lao, lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza ardhi hii, zaidi ya ekari 4,000, kuwa ya jeshi, na karibu miaka mia ikapita kabla jamii hiyo haijakabidhiwa hati ya ekari 288, mwaka 2017. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa uchungu wa ardhi, kwa hivyo tutaishia hapo. Tulilotaka kusema ni kwamba Habuba alisikia harufu kupitia ukuta wa mabati, na kesho yake akaja na kigoda chake akakaa mlangoni mwa jiko letu. Hakutuuliza kitu. Alisema, "Maalim, mwanangu, nyama haitaki haraka. Mkate ndio wataka haraka. Wewe umevigeuza."

Kila tulichojifunza kilitoka kwenye kigoda kile, na tutakiandika kama alivyotufundisha, maana huenda katika nyumba zenu yumo baba au kaka ambaye, kama sisi, anahitaji kuelezwa pole pole.

Kwanza ni nyama yenyewe. Wasomaji wa Pwani hutuuliza mara kwa mara tunaiaminije nyama ya Nairobi. Kwa desturi ya Kenya kisu cha machinjioni hushikwa na Muislamu, na ndivyo ilivyo Dagoretti, karibu na Kawangware, inakotoka nyama nyingi ya mji huu. Na Bukhari amepokea kwa Bibi Aisha kuwa watu walimuuliza Mtume kuhusu nyama inayoletwa na waliosilimu karibuni, haijulikani kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu au la, naye akawaelekeza walitaje wao na wale. Kwa hivyo hatuoni uchamungu katika kumhoji mwenye bucha kama hakimu. Lakini kima ni jambo jingine. Nyama iliyokwisha kusagwa na kurundikwa kwenye sinia husitiri mengi: mafuta mengi, nyama ya juzi, na mashine ambayo hujui imepitisha nini kabla yako. Sisi huchagua kipande kizima, tukakiona, kisha kikasagwa mbele ya macho yetu. Ikiwa bucha haina mashine, mwenyewe huikatakata kwa kisu juu ya gogo, na tumeona kima ya kisu ina ladha zaidi kuliko ya mashine. Na ipikwe siku ileile. Uchafu wa nyama nzima hukaa juu juu. Ikisagwa, uliokuwa juu huingia ndani na kuenea kote. Ndiyo maana haifai kulala bila barafu, wala kuliwa ingali na wekundu.

Robo kilo yatutosha. Mama mwenye nafasi atatia nusu, na ni halali yake. Wakati tukisema haya robo ilikuwa shilingi 170, na mkate wa gramu 400 shilingi 65. Ukiongeza viazi, vitunguu na nyanya hufiki shilingi 350 kwa watu watano. Kabla ya hapo, siku binti alipokuwa amezidiwa, tulikuwa tukimpa mvulana mia tano akanunue chipsi kwa jumla yetu, na saa tatu za usiku watoto husema wana njaa.

Viazi vitatu huwekwa motoni mapema, kabla ya kwenda msikitini, vikachemka na maganda yake; kazi hii twampa mvulana mkubwa, naye ameiweza. Ukirudi, bandika kikaango kikavu. Vitunguu maji viwili, vilivyokatwa vidogo vidogo, hutangulia na mafuta kijiko kimoja, vikakaangwa mpaka viwe rangi ya asali. Tulikuwa na papara hapa, tukidhani kitunguu ni pambo. Habuba alitukalisha dakika nane nzima tukikikoroga, akasema anayepunja kitunguu atakuja kukilipa kwa nyama. Kisha thomu na tangawizi zilizotwangwa, na harufu ikipanda tu, nyama iingie.

Hapo ndipo penye siri, kama ipo siri. Usitie maji. Usifunike. Nyama ina maji yake, nayo yatatoka. Uyaache yakauke kwa mvuke, na wakati huo mwiko usitulie, uyavunje madonge yangali laini, kwa sababu donge likishaiva halivunjiki tena. Utasikia sauti ikibadilika. Mwanzo nyama huchemka kwa sauti ya maji, kisha maji yakiisha hulia kwa sauti ya mafuta. Habuba, ambaye macho yake hayaoni vizuri, alikuwa akiijua hatua hiyo kwa sikio tu, akiwa mlangoni. Sauti ikigeuka, tia bizari ya pilau iliyosagwa, kijiko kidogo. Pilipili manga, nusu yake. Manjano, ncha ya kisu. Kaanga mpaka nyama iwe ya kahawia. Ndipo nyanya mbili, ambazo kwetu Mombasa ni tungule. Tulizililia sana kwa jina hilo kwa muuza mboga wa Lindi, akatutazama kama wageni. Zipondeke, zikauke kabisa. Menya viazi, vikate vidogo kama punje za mahindi, vichanganye. Pilipili mbichi kwa wanaoitaka. Epua, kamulia ndimu, nyunyiza dania.

Kisha mkate, na sasa ndiyo haraka. Kima ipoe kidogo, maana kima ya moto hutoa jasho na kulowesha. Paka siagi upande wa nje wa vipande, si wa ndani, ujaze kima kiasi cha vijiko viwili, ufunike kwa kipande cha pili, na urudishe kikaangoni juu ya moto mdogo. Juu yake weka sufuria ndogo yenye maji ndani, iwe uzito. Dakika mbili upande huu, dakika mbili ule. Mkate mmoja hutoa jozi saba au nane. Ukate mshazari ili watoto waone vipande vimekuwa vingi. Kachumbari pembeni, chai ya rangi, basi. Siku ambazo mkate umekwisha dukani, Habuba hutupitishia gurusa zake, ule mkate mwembamba wa Kinubi unaopikwa kama chapati za maji, nasi tukaiviringisha kima humo. Wavulana wanaipenda zaidi hivyo. Sisi twaona boflo ni bora, lakini tumenyamaza kwa heshima.

Mara ya kwanza iliyotoka sawasawa ilikuwa Jumatano ya wiki ya tano. Tuliadhiniwa Ishaa tukiwa tumekwisha kunawa mikono. Tuliporudi msikitini binti yetu alikuwa mezani na vitabu vya kemia, na saa ilikuwa mbili na robo. Saa mbili na robo! Tulisimama mlangoni tukaitazama saa ya ukutani kama kwamba imeharibika.

Twarudi kwa yule mzee wa Kawangware, maana hakutosheka na mzaha wa kwanza. Aliposikia tunachopika alisema, "Na chenyewe chakula cha Kizungu." Hapo tulikuwa na la kujibu. Ni kweli jina la sandwichi limetokana na mtukufu mmoja wa Uingereza wa karne ya 18. Lakini Ibn Sayyar al-Warraq, aliyekusanya kitabu cha mapishi mjini Baghdad katika karne ya 10, ameeleza humo mikate iliyotiwa nyama na majani yenye harufu, ikaviringishwa na kukatwa vipande. Na hapo pana karibu miaka mia nane kabla ya huyo mtukufu kuzaliwa. Na neno kima lenyewe ni la Kituruki, kwa maana ya kilichokatwakatwa. Likapita Uajemi na Bara Hindi, likashuka bandarini kwetu pamoja na sambusa na kababu. Na kabla ya wote hao, Mtume wetu alikipenda tharidi, ambacho ni mkate uliomegwa na nyama na mchuzi wake. Mzee akasema, "Hayo nimeyakubali. La kuolewa je?" Tukamwambia aihesabu siku ya binti yake mwenyewe, tangu Alfajiri, fungu kwa fungu, kisha aje atuulize tena. Hakucheka. Wiki mbili baadaye alituvuta kando akauliza kama viazi humenywa kabla au baada ya kuchemshwa.

Kuna jambo hatukulitarajia. Harufu ya kitunguu kilichokaangwa dakika nane, katika vyumba vya mabati, haina mipaka. Tangu wiki ya pili ya upishi wetu, mtoto wa nyumba ya tatu, ambaye mama yake hufanya kazi ya usiku, alianza kuja kuuliza kama mwanetu amemaliza hesabu. Alikuwa akiuliza swali hilo kila siku, wakati uleule, naye hasomi shule ya mwanetu. Imo katika Sahihi Muslim nasaha ya Mtume kwa Abu Dharr, kwamba akipika mchuzi auongeze maji na awaangalie jirani zake. Kima haiongezwi maji, hilo tulikwisha kulijaribu. Kwa hivyo tuliongeza kiazi cha nne, na siku nyingine kikombe cha pojo zilizochemshwa, na jozi ya saba ikawa ya yule mtoto. Ya nane, ikiwapo, hufungwa kwenye karatasi ikapelekwa kwa Habuba, ambaye huifungua, huionja, na kututumia salamu za makosa.

Mwenzetu tulimwambia kwa simu katika wiki ya nne. Tuliona tumweleze kabla watoto hawajamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanyamaza muda mrefu, tukadhani salio limekwisha, na tukasikia kwa mbali sauti ya mama yake akiomba kugeuzwa. Akasema, "Miaka kumi na tisa, Maalim," akakata simu aende kumgeuza mama yake. Neno lile tulilala nalo. Alikuwa na haki ya kusema mengi zaidi.

Alirudi wiki ya tisa, amekonda, na mama yake ameacha kitandani akiwa na nafuu kidogo na mtu wa kumtazama. Asubuhi ya pili aliingia jikoni mwake. Alitazama kikaango kilichochakaa, mwiko ulioungua ncha, na makopo ya viungo ambayo tulikuwa tumeyapanga kwa alfabeti. Alifungua kopo la bizari, akanusa, akatuuliza nani aliyetufundisha kuikaanga kabla ya kuisaga. Tulimtaja Habuba. Akasema, "Jumatatu na Jumatano ni zako. Lakini makopo yangu usiyapange tena." Darsa ya Kawangware ikarudi Jumanne na Alhamisi.

Mtihani binti yetu aliufanya Novemba, na matokeo yametoka. Ametuomba tusiyaandike hapa, na kwa kuwa ni yake, hatutayaandika. Makala haya tumempa ayasome kabla hayajapelekwa kwa mhariri. Amefuta mistari miwili iliyomsifu. Ile ya kulala darasani ameiacha. Amesema pia kuwa katika maelezo yetu yote ya upishi hatukutaja chumvi mahali popote. Tumerudia kuyasoma, na ni kweli. Hutiwa pamoja na nyanya, kijiko kidogo kisichojaa.